SOMO: Samaki wako anaishi vizuri? Nenda kumuangalia alfajiri

Juu ya kuchimba bwawa na kutafuta alevini, wengi wenu munajua kazi. Leo tunaongea juu ya jambo ambalo mara nyingi tunalisahau: maisha ya samaki mwenyewe ndani ya maji. Anaishi vizuri, ama anateseka?

Jambo lililotokea

Siku moja ya kiangazi kikundi kimoja kiliniita. Tilapia wao wengi walikuwa wamekufa kwa usiku mmoja. Watu walikuwa na hasira. Walisema jirani fulani ana wivu, ametupa sumu usiku, na walikuwa tayari kumpeleka kwa chefu wa kijiji.

Nikauliza: “Munakujaka kuangalia samaki saa ngapi?”

“Saa sita, tukitoka ku shamba. Na jana saa sita walikuwa muzuri tu.”

Nikazunguka bwawa. Kwenye kona moja, chini ya majani, kulikuwa mihogo mingi imelowekwa, siku ya tatu. Maji yalikuwa yananuka. Jirani hakuwa na kosa. Sumu ilitoka kwenye mihogo yetu wenyewe.

Muhogo muchungu una sumu, ndiyo maana tunauloweka. Sumu inatoka ndani ya muhogo na kuingia katika maji. Tena, muhogo ukioza unakula hewa ya maji. Samaki anapata mabaya mawili pamoja. Lakini hakufa bila kutoa alama. Aliitoa asubuhi, na hakuna mtu aliyekuwa pale.

Kwa nini alfajiri?

Mchana, mimea midogo inayofanya maji kuwa ya kijani inatoa hewa kwa nguvu ya jua. Usiku haitoi tena, inatumia tu, sawa na samaki. Kwa hiyo hewa ni kidogo zaidi kabla jua halijatoka. Bwawa ambalo saa sita linaonekana zuri, saa kumi na moja ya alfajiri linaweza kuwa na samaki wanaotafuta pumzi. Anayekuja saa sita peke yake anadanganyika.

Samaki anasikia maumivu?

Mbuzi akiumia analia. Samaki hana sauti, kwa hiyo wengi wanasema hasikii kitu. Haiko hivyo. Mwaka 2003, Lynne Sneddon na wenzake huko Uskoti walionyesha kwamba samaki aina ya truti ana mishipa ya kusikia maumivu kichwani. Leo Shirika la Dunia la Afya ya Wanyama lina kanuni za kusafirisha na kuua samaki wa kufugwa bila kuwatesa. Na kwa sisi wafugaji kuna sababu nyingine: samaki anayeteseka hali vizuri, hakui, na anashikwa na magonjwa upesi.

Mambo matano ya kuangalia

1. *Pumzi.* Fika kabla jua halijatoka, kaa kimya. Tilapia wakiwa juu ya maji, midomo wazi, hewa imepungua. Angalisho: kambale anapanda juu kuvuta hewa hata akiwa muzima, ndiyo maumbile yake. Usimtumie kambale kama alama.

2. *Maji.* Ingiza mkono wako, kiganja kikiangalia juu. Kiganja kikipotea machoni wakati maji yanafika kwenye kiwiko, ni vizuri. Kikipotea mapema na maji ni ya kijani sana, mbolea imezidi. Kama ni matope, mara nyingi yanatoka juu ya mto, kwenye mmomonyoko ama kwa wachimba zahabu. Matope yanaziba matamvua. Ukiona kiganja hata kiwiko kikizama, ongeza kompositi kidogo.

3. *Kula.* Samaki mwenye afya anakimbilia chakula. Kama kingali kinaelea baada ya dakika 15, umetoa kingi ama samaki ni mgonjwa.

4. *Mwili.* Kila mwezi vua samaki 30 asubuhi, na mikono iwe na maji kwanza, maana mkono mukavu unatoa ute unaomlinda. Angalia vidonda, mapezi yaliyokatika, vitu vyeupe kama pamba. Wapime uzito, uwarudishe upesi.

5. *Wingi.* Bila chakula cha kiwandani, weka tilapia 2 kwa kila mita mraba. Bwawa la mita 10 kwa 20 linabeba 400. Tilapia anazaa mapema, watoto wanajaza bwawa, wote wanabaki wadogo. Ondoa watoto, ama weka kambale wachache wadogo kuliko tilapia wako, wawale hao watoto.

Mfano wa hesabu: samaki 30 wana kilo 1,5, basi kila mmoja ana gramu 50. Wote 400 ni kilo 20. Ukitoa asilimia 4, ni gramu 800 za chakula kwa siku, mara mbili: asubuhi jua likiisha kupanda, na alasiri.

Ukiwakuta wanatafuta pumzi

- Fungua maji mapya yaingie, yaanguke kutoka juu ili yashike hewa.
- Toa maji ya chini, yale yanayonuka.
- Usitoe chakula wala mbolea siku hiyo.
- Ondoa kila kinachooza: mihogo, majani, kompositi iliyozidi.

Tena, usipande tefrozia kwenye kingo za bwawa. Ni nzuri kwa udongo wa shamba, lakini majani yake ndiyo yale watu wanayotumia kuua samaki mtoni.

Na mihogo?

Katika kile kikundi, mama mmoja aliniuliza: “Sasa tutaloweka wapi?” Alikuwa na haki. Wakati wa kiangazi bwawa ndiyo maji yaliyo karibu, na bila muhogo hakuna bugali. Kukataza peke yake haisaidii. Tulichimba shimo chini ya bwawa, likapokea maji yanayotoka bwawani. Maji ya mihogo hayarudi kwa samaki, wala yasipelekwe pale watu wanapochota maji ya kunywa. Kazi ilifanywa na wanaume na wanawake pamoja, na yule jirani aliyeshitakiwa alikuja na jembe lake.

Siku ya kuvuna

Usimwache samaki afe polepole juu ya majani. Mpige mara moja kwa fimbo nzito kichwani, juu ya macho, kisha kata matamvua damu itoke. Hateseki, na nyama inakaa nzuri zaidi. Kama unasafirisha alevini, wasile siku moja kabla, na utembee saa za baridi.

Kazi ya kikundi

Kwa siku saba, mtu mmoja kwa zamu afike bwawani kabla jua halijatoka, aandike katika kayee: samaki walikuwa juu ama chini, maji yana rangi gani, walikula ama hapana. Mwisho wa juma somweni pamoja, mama na baba. Na siku samaki wakifa, fungueni kwanza kayee hiyo kabla ya kutaja jina la mtu.