HODI BILA KARIBU: FUNZO KUTOKA CHUMBA CHA RUBANI

Na mwanafunzi wa Kidato cha Tatu

Ndugu msomaji, hodi! Ukibisha mlangoni, huingii mpaka usikie "karibu". Basi katika ndege za abiria mambo ni hayo hayo, ila huko ni uhai wa watu.

Otopailoti ni nini?
Ni kompyuta inayoshika usukani wa ndege badala ya rubani. Rubani huiagiza kimo na mwelekeo, nayo husoma vipimo vya ndege na kufuata agizo. Haichoki, lakini pia haiwazi. Isipowashwa, haifanyi lolote.

Kisa cha Douala
Usiku wa tarehe 5 Mei 2007, ndege ya Kenya Airways, KQ 507, ilipaa kutoka Douala, Kameruni, kuja Nairobi ikiwa na watu 114. Muda mfupi baadaye rubani alitamka agizo la kuwasha otopailoti. Rubani msaidizi hakuitikia, na mtambo haukuwaka. Kwa karibu dakika nzima hakuna aliyeushika usukani, na ndege ikaanza kulala upande wa kulia, polepole.

Utauliza, mbona hawakuhisi? Ukiwa kwenye matatu kutoka Kisii kwenda Nyamira, kona kali hukusukuma ubavuni, nawe wajua gari limekata kona. Lakini ndege ikilala polepole gizani, mwili hudanganyika ukadhani imenyooka. Vipimo peke yake ndivyo husema kweli. Kengele ya hatari ilipolia, rubani alishtuka akazungusha usukani kwanza kulia, kule kule ndege ilikolala. Ilianguka katika kinamasi cha mikoko, hata dakika mbili hazijaisha tangu ipae. Hakupona mtu.

Mashine ikijitia kazi
Kuna na kinyume chake. Tarehe 10 Machi 2019, ndege ya Ethiopian Airlines aina ya Boeing 737 MAX 8 ilitoka Addis Ababa kuja Nairobi. Kipimo kimoja kilitoa habari za uongo, na programu ya kompyuta, ambayo si otopailoti, ikawa inaisukuma pua ya ndege chini. Marubani waliukata umeme wake, lakini ndege ilikuwa na kasi kubwa mno, gurudumu la mkono likakataa kuzunguka. Walikufa watu 157, wakiwemo Wakenya 32.

Marubani hufunzwa nini?
1. Kwanza endesha ndege, mengine baadaye.
2. Ukitoa agizo, ngoja mwenzako aitikie, kisha tazama taa kama mtambo umewaka kweli.
3. Otopailoti ikifanya usilolitarajia, izime, ushike usukani mwenyewe.
4. Msaidizi akiona kosa aseme, hata kama mkubwa wake ana miaka mingi kazini.

Wenzangu, si ati mashine ni mbaya. Ubaya ni kudhani kwamba inafanya kazi bila kuhakikisha. Sisi wanachama wa Kiswahili tunapenda maneno, basi tukumbuke kuwa neno lisiloitikiwa halijafika. Ukiambiwa jambo, itika. Usipoitikiwa, uliza tena, maana kuuliza si ujinga.