Uchovu, Uchakavu na Kuajirika: Istilahi za Kazi na Mhudumu wa Afya wa Kawangware 46

Makala hii inanuia kupima istilahi tatu za saikolojia ya kazi kwa kurejelea wahudumu wa afya ya jamii, tukimtazama hasa yule wa Kawangware 46, mtaa wa Nairobi uliobandikwa nambari ya matatu ziendazo huko.

Istilahi ya kwanza yahusu hali aliyoieleza Herbert Freudenberger nchini Marekani mwaka 1974. Kwa mujibu wa ufafanuzi uliotolewa na Shirika la Afya Duniani mwaka 2019, hali hii si ugonjwa bali ni zao la shinikizo la kazi lililodumu bila kudhibitiwa: mfanyakazi huishiwa nguvu, huitenga nafsi yake na kazi au kuibeza, na ufanisi wake hupungua. Wengi huiita "uchovu". Neno hili halitoshi. Aliyechoka hulala akaamka mzima; huyu huamka vile vile alivyolala. Neno "uchakavu" lakaribia zaidi, kwani nguo huchakaa kwa kuvaliwa, si kwa kosa lake. Ni kweli kwamba kilichochakaa hutupwa, ilhali mtu huweza kurejea hali yake kazi ikirekebishwa. Hata hivyo, nalipendelea.

Kinyume cha hali hiyo ni kuzama katika kazi kwa moyo wote, na hapa ndipo lugha yetu inapotutega. Tumezoea kusema "kujitolea". Kitenzi hicho hicho chamtaja afanyaye kazi kwa bidii na afanyaye kazi bila ujira. Mpaka mwaka 2023, wahudumu hawa nchini Kenya waliitwa rasmi watu wa kujitolea, ingawa kila mmoja hutarajiwa kuhudumia kaya zipatazo 100: wajawazito, watoto wanaohitaji chanjo, wagonjwa wa kifua kikuu. Tarehe 25 Septemba 2023, katika bustani ya Uhuru, zaidi ya wahudumu 100,000 walizinduliwa kwa jina jipya, wakapewa vifaa na kuahidiwa shilingi 5,000 kwa mwezi, mzigo ambao Serikali kuu na kaunti zingeugawana. Malipo hayo huitwa posho, si mshahara. Tofauti hii si ndogo. Anayedai mshahara uliochelewa adai haki. Anayedai posho huulizwa, kwani hukujitolea? Napendekeza "ari ya kazi" kwa maana ya kwanza, na "kujitolea" libakie kwa kazi isiyolipwa.

Istilahi ya tatu ni "kuajirika". Kiambishi -ik- chaonyesha uwezekano bila kumtaja mtenda, kama tusemavyo kuwa kichochoro kinapitika. Kumbe kuajirika kuna mtenda, naye ni mwajiri. Mhudumu ajionaye kuwa aajirika kwingine huweza kukataa kuongezewa kaya. Asiyeona mlango mwingine huzipokea zote, na uchakavu humfuata. Hapa neno "kujitolea" larudi tena. Miaka yake kumi ya kubisha hodi vichochoroni huandikwa chini ya kichwa gani katika wasifukazi: "Tajriba ya Kazi" au "Shughuli za Kujitolea"?