Uchovu wa Akili Si Uvivu

Mtu aliyelima kutwa haulizwi kwa nini amechoka: shamba lake laonekana, na mikono yake yashuhudia. Lakini mfikirieni kijana wa Majengo, mjini Mpanda. Hurudi kutoka shuleni, huteka maji, huwaangalia wadogo zake, kisha huketi na daftari la hesabu tangu saa moja ya usiku. Ifikapo saa nne baba yake humkuta ameukodolea macho ukurasa ule ule, naye humwita mvivu. Sisi twaona jina hilo si la haki, tena laweza kumvunja moyo asitake kusoma kabisa.

Akili nayo huchoka, na jambo hili limepimwa. Wakati wa Vita Kuu ya Pili, askari wa Uingereza waliotazama rada ndani ya ndege, wakitafuta manowari za adui zipitazo chini ya maji, walipitwa na alama walizopaswa kuziona. Bwana Norman Mackworth wa Cambridge akatengeneza saa yenye mshale mmoja, urukao hatua moja moja. Mara chache uliruka mbili, na mtazamaji sharti alitambue jambo hilo. Katika taarifa yake ya mwaka 1948 alionyesha kwamba baada ya nusu saa ya kwanza tu watazamaji walianza kukosa zaidi. Waliobadilishana zamu, nusu saa ya kazi na nusu saa ya kupumzika, hawakupungukiwa hivyo. Tazameni: hawakuinua mzigo wowote, wala saa ile haikuwa na fumbo. Kukaza akili mahali pamoja ndiko kulikowachosha.

Watu wa Mpanda wanao mfano wa karibu. Reli ya tawi kutoka Kaliua, iliyofika kwao mwaka 1950 kwa ajili ya mgodi wa risasi, ina urefu wa kilometa 210 hivi, na njia yake hupita katika misitu ya miombo. Dereva wa garimoshi ameketi, hachimbi wala habebi. Hata hivyo macho yasiyobadilishiwa kitu huanza kutazama bila kuona, na mara nyingi mwenyewe hana habari.

Kazi ikiwa ngumu, ndipo huzidi. Wataalamu wa Paris walitangaza mwaka 2022 kwamba watu waliofanya kazi nzito ya akili kwa zaidi ya saa sita walionekana na glutamati nyingi zaidi katika sehemu ya mbele ya ubongo kuliko waliopewa kazi nyepesi, nao walielekea kuchagua faida ndogo ipatikanayo upesi.

Hatusemi kwamba hakuna mtoto mvivu; wapo, na wazazi wao wawajua. Lakini lifungueni daftari. Ikiwa hesabu za mwanzo ni sahihi, na za mwisho zimejaa makosa madogo, tarakimu iliyorukwa au alama iliyosahauliwa, huyo yaelekea amechoka. Mwacheni ainuke kila baada ya nusu saa, atembee uani, anywe maji. Somo gumu na litangulie, rahisi lifuate. Asitumwe dukani katikati ya hesabu, wala asiulizwe chumvi imewekwa wapi. Tena mkesha wa mtihani wa Novemba na alale mapema.