Diski ya Breki: Ichongwe au Inunuliwe Mpya?



Katika somo hili tutajifunza habari ya breki za gari, na hasa diski. Huenda utauliza, "Mimi sina gari, diski inanihusu nini?" Inakuhusu sana. Siku hizi vipo vikundi vya wakulima vyenye pikapu ya kubebea mazao, na fedha za matengenezo hutoka katika mfuko wa wanachama wote. Hata asiye na hisa hupanda gari hilo kwenda mnadani au kumpeleka mgonjwa hospitali. Breki zikikataa mlimani, hazichagui nani mwanachama na nani abiria.

Tuchukue mfano wa barabara ya Lushoto kwenda Mombo, mkoani Tanga. Mji wa Lushoto uko kama mita 1,400 juu ya usawa wa bahari. Mombo iko chini, kama mita 400 tu. Basi gari lililojaa kabichi na viazi hushuka karibu mita 1,000 katika safari ya kilomita 30 na kidogo. Ni kona baada ya kona. Upande huu mwamba, upande ule bonde. Dereva wa huko hukanyaga breki mara nyingi kuliko mwenzake wa tambarare, na diski zake huliwa upesi.

Diski ni kitu gani?

Ukivua tairi la mbele la pikapu nyingi utaona sahani ya chuma inayong'aa. Hiyo ndiyo diski. Inazunguka pamoja na gurudumu. Huku na huku zipo pedi mbili. Dereva akikanyaga breki, mafuta ya breki husukuma pedi hizo zibane diski, kama wewe unavyobana karatasi kwa vidole viwili. Gari linapungua mwendo, na nguvu ya ule mwendo inageuka kuwa joto. Sugua viganja vyako kwa nguvu, utaelewa tunasema nini.

Joto hilo lazima libebwe na chuma cha diski. Diski nene hubeba joto jingi. Diski iliyokwisha ni kama sufuria nyembamba: hupata moto mara moja. Joto likizidi hupita kwenye pedi, likafika kwenye mafuta ya breki. Mafuta ya siku nyingi huwa yamenyonya maji. Yakichemka yanatoa mapovu. Hapo dereva anakanyaga, pedali inazama mpaka chini, na gari linaendelea kushuka. Tena diski nyembamba huweza kupasuka. Kwa hiyo jambo la kwanza la kuuliza juu ya diski ni unene wake. Kung'aa kwake hakutuambii kitu.

Mafundi wawili, maneno mawili

Tuseme pikapu ya kikundi imeanza kutetemesha usukani kila dereva anapofunga breki. Fundi wa kwanza anasema diski zichongwe kwenye mashine ya kukerezea, zirudi kuwa laini. Gharama yake ni ndogo. Fundi wa pili anasema hapana, nunueni mpya. Mwenyekiti anapenda la bei nafuu. Mweka hazina ananong'ona kwamba huyo fundi wa pili ana ndugu yake mwenye duka la spea. Mkutano unakwisha bila uamuzi, na kesho yake gari linashuka na abiria vilevile lilivyo.

Kumbe jibu limeandikwa kwenye diski yenyewe!

Mwambieni fundi avue tairi na asafishe diski. Kisha tafuteni maandishi. Mara nyingi yapo katika ile sehemu ya katikati iliyoinuka, au pembeni kwenye ukingo. Mtaona herufi MIN TH, au MIN THK, na karibu yake namba, kwa mfano 20 mm. Herufi hizo ni kifupi cha maneno ya Kiingereza. Maana yake ni hii: diski hii ikipungua chini ya milimita 20, isitumike tena. Ikiwa kutu imefuta maandishi, namba hiyo imo katika kitabu cha matengenezo cha gari hilo. Msikubali namba ya kukisia, maana magari hayafanani. Na mtu aliyejifunza tarakimu mwaka jana atasoma namba hiyo sawasawa na fundi wa miaka 20.

(Magurudumu ya nyuma ya pikapu nyingi hayana diski, yana ngoma. Huko hesabu inageuka. Ngoma huliwa kwa ndani na kupanuka, kwa hiyo namba yake huonyesha upana wa mwisho unaoruhusiwa.)

Namna ya kupima

Kumbukeni kuwa sentimita 1 ina milimita 10. Rula ya shuleni haifai kazi hii. Fundi wa kweli anayo maikromita, kipimo kinachosoma hata sehemu ndogo za milimita.

Hapa upo mtego. Pedi hazifiki mwisho kabisa wa diski, kwa hiyo ukingoni hubaki mgongo mwembamba usioliwa. Anayepima kwenye mgongo huo atapata unene ambao haupo! Kipimo kiingie ndani kama sentimita 1 kutoka ukingoni. Ipimwe mahali 8 kuzunguka diski, na mmoja wenu aandike namba zote katika daftari. Kisha chukueni namba ndogo kuliko zote. Hiyo ndiyo ya kufanyia hesabu. Namba zikipishana, maana yake diski haina unene sawa, na hiyo huweza kuwa ndiyo sababu ya mtetemo. Hata sehemu 2 au 3 za mia za milimita moja huweza kusikika mguuni.

Sasa tufanye hesabu. Diski ilipokuwa mpya ilikuwa na milimita 22. Mwisho wake ni 20. Leo namba ndogo ni 21.2. Fundi anasema atachonga 0.3 kila upande. Pande mbili ni 0.6.

21.2 – 0.6 = 20.6

Inaruhusiwa kuchongwa. Lakini fikirini mbele kidogo. Baada ya kuchongwa imebaki 0.6 tu ya kuliwa. Katika barabara tambarare hiyo inaweza kuwafaa kwa muda. Kwa gari la milimani, sisi tunaona kwamba ikibaki chini ya nusu milimita, msitoe fedha ya kuchonga. Mtailipa leo, na diski mpya mtainunua hivi karibuni.

Na ingekuwa 20.5? Ukitoa 0.6 inabaki 19.9. Hiyo haichongwi. Mtu asiwaambie eti imepungua kidogo tu.

Yako mambo mengine yasiyohitaji hesabu. Diski yenye ufa, hasa unaofika ukingoni au kwenye tundu za bolti, itupwe hata kama ni nene. Yenye madoa ya rangi ya buluu iliungua. Chuma cha hapo kimekuwa kigumu, na hata ikichongwa mtetemo mara nyingi hurudi. Lakini kutu nyepesi ya asubuhi baada ya mvua isiwatishe. Itafutika breki zikifungwa mara chache.

Kabla ya kulipa chochote

Mtetemo si lazima uwe wa diski. Usukani ukitetemeka hata bila kukanyaga breki, anzeni na tairi. Pengine kutu imejikusanya kati ya diski na habu inapokalia, diski ikakaa upande. Fundi aivue, asugue kutu kwa brashi ya waya, airudishe na kukaza nati kwa kupishana, si kwa kufuata mzunguko. Kazi hiyo ni ya bei ndogo, na inaweza kumaliza shida yote. Kelele nazo zisikilizwe. Mlio mwembamba mara nyingi ni pedi zinazokaribia kwisha. Mkwaruzo wa chuma kwa chuma ni pedi zilizokwisha kabisa, na gari lisimame siku hiyo hiyo.

Mkichonga au mkinunua, fanyeni kulia na kushoto pamoja, la sivyo gari litavuta upande mmoja. Wekeni na pedi mpya, kwa sababu za zamani zimeshafuata mifereji ya diski ya zamani. Diski mpya hupakwa mafuta ya kuzuia kutu. Yasafishwe yote kabla ya kufungwa. Kama uwezo ni wa kununua iliyotumika, ipimeni dukani kabla ya kutoa hela. Na vumbi la breki lisipulizwe kwa mdomo, maana pedi nyingine huwa na asbesto, ambayo hudhuru mapafu. Lipanguswe kwa kitambaa kibichi.

Kwa kilomita 200 za kwanza dereva afunge breki taratibu, asilibebeshe gari mzigo mzito wa mlimani. Na akishuka mlima, siku zote atumie gia ndogo ili injini imsaidie kulizuia gari.

Zoezi la kufanya katika kikundi

1. Diski imeandikwa MIN TH 24 mm. Namba ndogo mliyopata ni 24.9. Fundi anataka kuchonga 0.4 kila upande. Itabaki milimita ngapi? Mtakubali ichongwe?

2. Fundi mmoja alipima ukingoni akapata 23. Mwingine alipima ndani akapata 21.5. Mtaandika ipi katika daftari, na kwa nini?

3. Pikapu au basi dogo mnalopanda kwenda sokoni, breki zake zilipimwa lini? Nani kati yenu atamwuliza dereva?