Bomba moja, nyumba tatu: nani alipe?

Mshauri, naishi Ilala, Dar es Salaam. Nyumba yangu ni ya mwisho kati ya tatu zinazotumia bomba moja la maji taka kabla halijaingia kwenye laini ya barabarani. Tangu masika yaanze, chemba ya uani kwangu inafurika na kinyesi cha watu wengine kinapita mlangoni mwa jiko. Majirani wa juu wanasema kwao hakuna tatizo, aliyefurikiwa ndiye azibue. Nimeshalipa fundi mara mbili peke yangu. Mwanangu anataka tuwazibie bomba lao kwa zege, na wao waonje. Nifanye nini?
Mama wa Ilala

Pole sana, mama. Niseme mapema: usimruhusu mwanao aweke zege, na wewe usitoe tena hata shilingi moja peke yako. Majirani zako wanashikilia jambo moja tu, kwamba uchafu unaonekana kwako. Lakini maji taka si lazima yafurike mahali yalipotoka. Bomba likiziba mbele ya nyumba yako, maji ya nyumba zote tatu hujaa nyuma ya kizuizi, hupanda, kisha hutokea kwenye mfuniko ulio chini kuliko mingine, ambao ni wako. Nyumba ya juu itaendelea kuoga na kumwaga maji chooni bila kuona hata tone. Uani kwako kunaonyesha mteremko wa ardhi ulivyo. Mkosaji hajulikani kwa kutazama hapo.

Ushahidi uko chini ya mifuniko. Mwite fundi bomba, waite na majirani wote wawili, mfunue chemba zote siku moja mkianzia ya juu. Chemba iliyojaa maana yake kizuizi kiko mbele yake. Ambayo haikujaa, kiko nyuma yake. Mkikuta moja imejaa na inayofuata ni tupu, basi kizuizi kimo katikati ya hizo mbili, na hapo hakuna tena cha kubishania. Kinachotolewa kionekane na wote: pampasi, pedi, matambara, mafuta ya kupikia yaliyoganda, mchanga wa kusugulia masufuria, au mizizi iliyopenya kwenye maungio. Tena, kwa kuwa kero ilianza na masika, angalieni kama kuna aliyeunganisha maji ya bati kwenye bomba hilo. Bomba la inchi 4 linatosha vyoo na mabafu, ila haliwezi kubeba na mvua ya paa zima. Asiingie mtu ndani ya chemba, hata kama fundi anasema amezoea: hewa ya maji taka huua, na mara nyingi anayeshuka kumwokoa mwenzake hufa naye.

Sasa malipo. Kanuni ninayoiona ya haki ni kwamba kila nyumba ichangie kipande cha bomba ambacho maji yake yanapita. Kizuizi kikiwa kati ya nyumba ya kwanza na ya pili, alipe wa kwanza peke yake. Kikiwa kati ya ya pili na yako, walipe wao wawili. Kikiwa chini ya nyumba yako, mlipe wote watatu sawa, na wewe umo, mama. Kwa hesabu hiyo, nyumba ya juu inayosema haina tatizo ndiyo inayolitegemea bomba kwa urefu wote, kuliko mtu mwingine yeyote. Laini ya barabarani ni ya mamlaka ya maji, DAWASA; mkigundua kizuizi kiko huko, toeni taarifa kwao na msichangishane chochote.

Najua watakachosema. Wenye familia ndogo watataka mchango uhesabiwe kwa vichwa. Kwa kunyonya karo hoja hiyo ina uzito, kwa sababu karo hujazwa na wingi wa watu. Bomba ni tofauti, kwani pampasi moja ya mtoto mmoja inatosha kuziba nyumba tatu. Hapo nahesabu nyumba. Wengine watasema alipe aliyetupa. Atajulikanaje? Anayesubiri mkosaji apatikane anasubiri huku kinyesi kikipita jikoni kwako, na kama kilichoziba kiko kwenye kipande cha mtu mmoja, kanuni hii imeshambana. Wapangaji nao watasema nyumba si yao. Kuzibua kulikotokana na matumizi kunawahusu; bomba lililopasuka au kuzama ni la mwenye nyumba.

Kuhusu zege, naelewa hasira zenu, lakini ukiliweka tu, kesi inageuka. Leo unadhulumiwa; kesho wewe ndiye utakayekuwa umemwaga maji taka mtaani. Kipindupindu kilicholipuka Dar es Salaam Agosti 2015, kikianzia Kinondoni, hakikuuliza nani alianza ugomvi. Watoto wanaocheza njiani hapo ndio wa kwanza kukanyaga.

Majirani wakikataa kuja, nenda kwa mwenyekiti wa serikali ya mtaa ukiwa na picha na risiti za fundi, kisha kwa afisa afya wa kata. Sheria ya Afya ya Jamii ya mwaka 2009 inampa afisa afya uwezo wa kumwandikia anayesababisha kero amri ya kuiondoa. Mkikubaliana, andikeni kanuni ya malipo kwenye karatasi, msaini nyote mbele ya mwenyekiti, maana wapangaji huhama na nyumba huuzwa. Fedha ulizokwisha kulipa zidai, ila usizifanye sharti la kuanza kazi; ukizing'ang'ania siku ya kwanza, utawapa sababu ya kuondoka kikaoni. Waite Jumamosi hii asubuhi, kabla mvua haijanyesha tena, na fundi awe ameshafika kabla yao.