Binti za Selofehadi na Urithi wa Baba Yao

Somo: Hesabu 26:52–56, 27:1–11, 36:1–12

Wengi wetu tukifika penye orodha za majina katika Agano la Kale twazipita upesi. Lakini sisi wa Meru hatuna udhuru. Hapa Tengeru mtu akiitwa Kaaya, Mbise, Nnko au Pallangyo, jina lake laonyesha ukoo wake kabla hajanena neno, na wazee hujua mara moja ndugu zake ni akina nani. Katika Israeli nako jina la ukoo lilikuwa na kazi kubwa.

1. Majina na nchi. Musa na Eleazari walipowahesabu watu katika Moabu, hawakutafuta watu wa vita tu. Nchi ilikuwa igawanywe kwa hesabu ya majina hayo. Basi nyumba isiyo na jina haikuwa na fungu. Hata baada ya uhamisho wa Babeli, makuhani walioshindwa kuonyesha nasaba yao waliondolewa katika ukuhani (Ezra 2:61–63).

2. Ombi. Selofehadi, wa kabila la Manase, alikufa jangwani bila mwana wa kiume. Binti zake watano walisimama mlangoni pa hema ya kukutania, mbele ya wakuu na mkutano wote, wakauliza sababu ya jina la baba yao kufutwa. Musa hakuwakemea, wala hakuamua kwa mazoea. Alilipeleka neno lao mbele za Bwana, na Bwana akawapa haki.

3. Pingamizi. Baadaye wazee wa ukoo wao walikuja na hofu: binti hawa wakiolewa katika kabila jingine, nchi itahama pamoja nao. Je, neno hili si lile lile linalosemwa katika vikao vyetu vya kugawa vihamba? Angalieni sana jibu. Bwana aliisikia hofu ya wazee, akaweka sharti juu ya ndoa. Lakini urithi hakuuondoa. Nao waliupata (Yoshua 17:3–4). Tena Ayubu, ingawa alikuwa na wana saba, aliwapa binti zake urithi pamoja na ndugu zao (Ayubu 42:15).

4. Sisi nasi. Mwaka 1951 Wameru wa Engare Nanyuki waliondolewa kwa nguvu katika nchi yao. Mwaka 1952 Kirilo Japhet alikwenda New York, akasimama mbele ya Umoja wa Mataifa kuwasemea. Watu waliobisha mlango wa mataifa wakidai urithi wa baba zao, watamfukuzaje binti yao abishaye mlango wa ukoo? Sheria za ardhi za mwaka 1999 nazo zampa mwanamke haki sawa na mwanamume ya kupata na kumiliki ardhi.

Najua vihamba vyetu ni vyembamba, na kuvigawa ni kazi nzito. Lakini mzee wa Kanisa akiitwa kwenye kikao, afanye kama Musa: asikilize kwanza, aombe, ndipo anene. Maana katika Kristo sisi sote tu warithi, waume kwa wake (Wagalatia 3:28–29).

Maswali kwa walimu na vikundi:
1. Kwa nini Musa hakutoa hukumu papo hapo?
2. Hofu ya wazee ilitulizwaje bila kuwanyang'anya binti haki yao?
3. Katika ukoo wako, ni nani asimamaye mlangoni akingoja kusikilizwa?