Kisiwa Kisicho na Daraja: Mafunzo Niliyopata Bulls Island

Kaskazini-mashariki ya mji wa Charleston, katika jimbo la South Carolina nchini Marekani, kuna hifadhi ya wanyamapori iitwayo Cape Romain. Ilianzishwa mwaka 1932, na inashika kama kilomita 35 za pwani: mahori, vinamasi vya maji chumvi, na msururu wa visiwa vya mchanga vilivyolala sambamba na bara, vikiikinga dhidi ya bahari kuu. Mashuhuri zaidi kwa wageni ni Bulls Island. Hakina daraja, hakina hoteli, hakina duka. Unapanda boti ya abiria Garris Landing asubuhi, unashinda kisiwani, unarudi siku hiyo hiyo.

Mimi ni mzaliwa wa Tanga niliyezeekea Marekani, na kila ndugu anayekuja kututembelea humpeleka huko. Kuna jambo ningependa vijana wetu wa huku walijue mapema kuliko nilivyolijua mimi: mahali ambapo hapajajengwa si kwamba pameachwa tu. Pana watu wanaopafanyia kazi kila msimu, na pana bahari inayoifumua kazi yao.

1. Angalia maji kabla ya kuangalia saa

Siku moja tulivuka maji yakiwa yamekupwa. Nahodha alipunguza mwendo, boti ikawa inapinda huku na huku ndani ya hori, na mpwa wangu akaniuliza, "Mjomba, mbona hatuendi moja kwa moja? Kisiwa si kile pale?" Nikamwonyesha ukingoni. Tope lilikuwa limejaa chaza, maelfu kwa maelfu, wamesimama wima na kushikana wao kwa wao kwa sababu hakuna mwamba wa kushika. Makali yale yangeweza kuchana boti.

Juu yao alikuwa anatembea ndege mweusi na mweupe mwenye mdomo mrefu wa rangi ya chungwa iliyoiva. Husubiri chaza aliyeacha upenyo mdogo, akapenyeza mdomo kwa haraka na kukata msuli unaofunga magamba. Chaza hana tena cha kujifungia. Tulimwona akifanya hivyo tukiwa karibu kiasi cha kuona ute ukimdondoka mdomoni. Ndege huyo hana mlo kama maji hayajatoka, na Cape Romain ni miongoni mwa mahali muhimu kabisa kwake wakati wa baridi.

Aliyekulia pwani yetu anajua bamvua na maji mafu bila kufundishwa. Lete elimu hiyo. Chagua siku ambayo maji yatakuwa yamekupwa ukiwa ufukweni, kwa sababu sehemu nzuri kuliko zote ya kisiwa hiki hupitika kwa shida maji yakijaa.

2. Utakula na kunywa ulichobeba

Hili ni fupi. Beba maji zaidi ya unavyodhani yatatosha, chakula cha mchana, kofia, na dawa ya kujipaka ya kufukuza wadudu. Mbu wapo, usubi wapo, kupe wapo. Kwenda hadi ncha ya kaskazini-mashariki na kurudi gatini kwa miguu ni kama kilomita kumi, na boti ina saa yake ya kuondoka. Mbwa wako mwache nyumbani, haruhusiwi.

3. Uliza nani alilizuia bwawa

Katikati ya kisiwa kuna mabwawa mapana, na juu ya matuta yake hujianika mamba wa Marekani, weusi, wametulia kabisa. Wasogelee kwa macho tu. Kwa muda mrefu niliyatazama mabwawa hayo kama jambo la asili, mpaka siku mwongoza wageni aliponionyesha lango la maji na kunieleza linavyofunguliwa na kufungwa ili kina kiwafae bata wanaohamia huku majira ya baridi. Nilishangaa sana. Pori lile nililolisifu lilikuwa na bomba na lango.

Historia yake inaeleza mengi. Mwaka 1925 kisiwa kilinunuliwa na Gayer Dominick, tajiri wa masoko ya hisa kutoka New York, aliyependa kuwinda bata. Mwaka 1936 kikaingia katika hifadhi, na nyumba aliyoijenga bado imesimama. Lakini ufundi wa kuzuia maji kwa matuta na malango ni wa kale zaidi katika pwani hii. Mashamba ya mpunga yaliyoutajirisha mji wa Charleston yalichimbwa na Waafrika waliotiwa utumwani. Wazao wao, Wagullah, bado wanasuka na kuuza vikapu kando ya barabara kuu namba 17, barabara ile ile inayokufikisha kwenye boti. Simama ununue. Zungumza nao. Kisha ukumbuke kwamba Hilton Head, kisiwa kingine cha Wagullah kusini zaidi, kilijengewa daraja mwaka 1956, zikafuata hoteli na viwanja vya gofu, na familia nyingi zikapoteza ardhi yao. Ndiyo maana sipendi kuitazama boti ile kama usumbufu. Ukosefu wa daraja ndio ulinzi wa kwanza wa Bulls Island.

4. Kiumbe kilichokwisha kinaweza kurudishwa, kwa kazi

Mwaka 1980 mbwamwitu wekundu wa Marekani walitangazwa kuwa wametoweka porini. Waliobaki walikuwa kwenye vizimba. Kuanzia mwaka 1987 hadi 2005 Bulls Island ilitumika kama shule yao. Jozi iliachiwa huru kisiwani, ikazaa, na watoto wakajifunza kuwinda mbali na watu kabla ya kupelekwa kwenye pori la North Carolina. Hutawakuta leo kisiwani. Lakini unapopita msituni, chini ya mialoni, jua kwamba unapita darasani kwao. Mimi jambo hili hunipa nguvu kila ninaposikia mtu akisema mazingira yamekwisha, hakuna la kufanya.

5. Nenda Boneyard ukiwa na muda

Ufukwe wa kaskazini-mashariki unaitwa Boneyard Beach, yaani makaburi ya mifupa, na mifupa yenyewe ni miti. Mialoni, misonobari na mitende mifupi ya huku imelala mchangani au imesimama imekufa ndani ya maji, imetoka magome, imekuwa ya kijivu na laini kama pembe. Kuna mwaloni mmoja ambao mizizi yake iko kimo cha kifua changu. Mchanga uliokuwa umeifunika umekwenda wote.

Wengi huja kupiga picha wakaondoka. Kaa, utazame msitu ulio nyuma. Miti ya mstari wa mbele bado ina majani, ila mengine yamegeuka kahawia kwa chumvi. Hiyo ndiyo itakayofuata. Visiwa vya namna hii husogea kwa asili yake: mawimbi huchukua mchanga upande mmoja na kuuweka mwingine. Lakini kina cha bahari kwenye bandari ya Charleston kimepanda karibu sentimita 30 tangu miaka ya 1920, na hilo limeongeza kasi. Na kuna dhoruba. Kimbunga Hugo, Septemba 1989, kiliusukuma mwinuko wa maji wa karibu mita 6 kwenye ghuba ya Bulls Bay, kikaangusha sehemu kubwa ya msitu. Msitu unaouona leo, kwa sehemu kubwa, ni ulioota tena.

6. Duvi hawana uchaguzi, watu wanao

Kuanzia Mei hadi Agosti duvi, aina ya kasa, hupanda fukwe za hifadhi hii usiku kutaga, kila kiota kikiwa na mayai yapata mia moja. Jua la mchana hukuta vigingi na wavu uliotandazwa ili rakuni wasifukue. Na pale ufukwe unapoliwa na maji, wahifadhi hufukua mayai alfajiri, yakiwa bado machanga, na kuyazika juu zaidi bila kuyageuza, maana yai likigeuzwa kiumbe ndani huweza kufa. Wanakijiji wa Mafia, kwetu, hufanya kazi hiyo hiyo kwenye viota vya kasa. Duvi huchukua takriban miaka 30 kukomaa, kwa hiyo aliyebeba mayai zamani ndiye aliyechangia matokeo ya mwaka 2019, South Carolina ilipohesabu zaidi ya viota 8,000, idadi ambayo haijawahi kuonekana tangu hesabu ianze.

Ukitaka duvi, nenda wakati wa joto na uvumilie mbu. Ukitaka bata na mwendo usio na jasho, nenda kati ya Novemba na Machi. Safari za boti hupungua wakati wa baridi, kwa hiyo weka nafasi mapema, na kabla ya kulipa tazama jedwali la maji ya siku hiyo.